Msamaha Ambao Hiram Hakuuomba

Sifa za marehemu hazilipiwi ushuru, ndiyo maana matangani kila mtu ni tajiri wa maneno. Siku Hiram alipozikwa Kabuchai, walisimama watu ambao hawakuwa wamemtia machoni kwa miaka ishirini na zaidi, wakashika kipaza sauti, wakaeleza jinsi alivyokuwa mpole, mchapa kazi na mpenda watu. Mmoja alimsifu kwa kuimba besi kanisani, na Hiram, Mungu amrehemu, hakuwahi kushika wimbo hata mmoja bila kuuangusha. Mjane wake, Nabwile, alikaa kando ya jeneza, kitambaa cheusi kichwani, akasikiliza yote kama mtu anayengoja jambo lingine.

Alikuwa akimngoja Mukhisa. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa tu watoto hunyamaza. Kwa kuwa ndiye mwenye boma, alizungumza mwisho. Alimsifu ndugu yake vizuri, na sauti ikamkatika mara mbili, na Nabwile hakudhani hata kidogo kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo. Kisha Mukhisa akakaza mkono kwenye kipaza sauti.

"Watu wangu," alisema, "mnajua yenye ilitokea hapa. Mimi sitaki kurudia. Moto ulikuja, mama akaenda. Lakini leo, mbele ya Mungu na mbele ya hii jeneza, nataka kila mtu asikie. Mimi nimemsamehe ndugu yangu. Nimemsamehe kabisa. Alale salama."

"Amina!" umati ukaitika. Akina mama wakalia upya. Nyuma ya hema mtu alisema kwa sauti, "Huyo ndiye Mkristo, bana."

Nabwile alishika ukingo wa jeneza. Anayesamehewa ni aliyekosa, na Hiram hakukosa. Watu wote wale waliokuja kula na kulia walikuwa wameambiwa tena, kwa upole na kwa jina la Mungu, kwamba mtu aliyelala mle ndani ndiye aliyemchoma mama yake mzazi. Tusi angeweza kulijibu. Msamaha atautupia nini?

Afadhali nieleze huo moto, kwa sababu Kabuchai umesimuliwa mpaka umeota mabawa. Miwa ikikomaa haingoji mtu. Mwaka ule malori ya kiwanda yalichelewa, miwa ikawa inakaukia shambani, na kila mkulima alijua ujanja mmoja ambao hautajwi kanisani: miwa iliyoungua hukatwa kwanza, maana ikilala siku chache imeharibika. Basi mtu huwasha pembe moja ya shamba lake mwenyewe, halafu anapiga mayowe ya moto kuliko jirani zake wote. Mukhisa aliwasha yake mchana wa upepo. Moto ukaruka njia, ukashika paa la nyasi la jiko la mama yao, Wakonyo. Mama alikuwa ameshatoka salama. Akakumbuka mbuzi wake aliyefungwa ndani, akarudi.

Siku ya tatu baada ya kumzika mama huyo, ukoo ulikaa kwa ajili ya lufu, siku ya kunyoa nywele za wafiwa. Kabla ya wembe kugusa kichwa cha mtu, mzee anayesimamia huuliza kama kuna mwenye neno. Kinachosemwa hapo kinabaki. Asiyesema hapo basi, amelimeza. Mukhisa alisimama akasema, "Hiram ndiye alikuwa shambani."

Na ilikuwa kweli. Hiram alikuwa shambani, kwa sababu alipoona moshi alikimbia na matawi mabichi kuupiga moto. Mukhisa hakusema kwamba Hiram alichoma. Alisema alikuwa shambani, mengine akawaachia watu, na watu wakipewa mfupa hawashindwi kupika mchuzi. Kabla nywele za mwisho hazijaanguka, neno lilikuwa na mikono na miguu. Mwezi haukuisha, Hiram akamchukua mkewe na mtoto wao mchanga Kizito, akahamia Kitale.

Kitale ilimpokea bila maswali. Alinunua mashine kuukuu ya kupukuchua mahindi, akawa anaizungusha kwa trekta kutoka shamba hadi shamba mpaka kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na msimu ukifika watu walikuwa wakimpangia foleni. Kitu kimoja tu kilishangaza watu juu yake: hakuwasha moto. Jiko alimwachia Nabwile, na mabua ya mahindi, ambayo wenzake huyachoma, yeye aliyaacha yaoze. Habari hizo zilifika Kabuchai, maana habari haikosi nauli, na huko wakatikisa vichwa. Dhamiri inamsuta, walisema.

Ukweli alimwambia mkewe mara moja tu, mwaka wa kwanza. Alipofika pembeni mwa shamba siku ile alimkuta kaka yake anatoka mbio, kiberiti mkononi. Waliangaliana.

"Na mbona hukusema?" Nabwile aliuliza.

"Mimi wameshanitupa. Nikisema, watamtupa na yeye, na mama atakuwa amezaa wana wawili na kuwapoteza wote," Hiram alijibu. "Sahii amepoteza mmoja tu. Wacha huyo mmoja niwe mimi."

Nabwile alimkasirikia kwa jibu lile, na hasira hiyo aliishi nayo ndani ya ndoa nzuri kama mtu anavyoishi na jino bovu. Hiram alipougua figo na kujua kwamba harudi tena shambani, aliomba mambo mawili, Kizito akiwapo chumbani. Azikwe nyumbani, miguuni pa mama yake. Na Mukhisa asitajwe.

"Na jina lako je?" Nabwile alimuuliza.

Hiram alitazama dari. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nabwile alikichukua kimya kile kuwa ruhusa, na mpaka leo hajui kama alikisoma sawasawa.

Huo ndio mzigo aliokuwa nao matangani: kumtoa mumewe kwenye kosa bila kumtia mtu mwingine. Na siku yenyewe ilikuwa moja. Lufu ya Hiram ikipita, wembe ukishafanya kazi yake, neno lingefungwa hivyo lilivyo, na hapangekuwa na kikao kingine cha kulifungulia.

Jioni ya mazishi Kizito alikuja kwa mama yake amefura. Alikuwa kijana mkubwa sasa, dereva wa tuktuk Kitale, na kazi hiyo haijawahi kumfundisha mtu subira.

"Mathe, umeskia huyo buda? Ati amemsamehe! Si yeye ndiye—"

"Nyamaza."

"Kwenye foleni ya chakula kuna msee ameniuliza kama mimi ndiye mtoto wa yule alichoma kukhu, mamake mwenyewe. Ananiuliza tu hivyo, sahani mkononi, kama anaulizia chumvi. Nilitaka kumpasua."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema ndiyo mimi." Kizito akapangusa uso kwa kiwiko. "Ningesema nini?"

Nabwile alimtazama mwanawe na kuona kwamba lile jina halikuzikwa na mwenyewe. Lilikuwa limeshampanda mtoto.

Jepkorir, rafiki yake wa Kitale, muuza mahindi mwenzake aliyekuja naye na kukataa kurudi na basi la kanisa, alimletea chai. Yeye pia alikuwa amezungumza mazishini, tena kwa ukweli mtupu. Alisimulia jinsi Hiram alivyokuja na mashine yake kwake, mjane mwenye shamba dogo, kabla ya kwenda kwa wenye mashamba makubwa. Watu walipiga makofi.

"Mama Kizito, si wamemsifu sana?" Jepkorir alisema. "Hata mimi nimejaribu na Kiswahili yangu ya mlimani."

"Umesema vizuri, dada. Mungu akubariki. Lakini mtu ambaye hajaoga, ukimpaka mafuta, unamkandamizia tu taka. Mimi sikutaka mafuta. Nilitaka maji."

Jepkorir akakaa chini. "Na maji iko na nani?"

Nabwile alielekeza kidevu kule Mukhisa alikokuwa akiwaaga wageni, akimshika kila mmoja mkono kwa mikono miwili.

Mjane ambaye hajanyolewa hazururi bomani, kwa hiyo siku ya pili alimtuma Wilkista, mke wa Mukhisa, amwite mumewe. Wilkista alikuwa mwanamke wa maneno machache. Miaka yote ile Nabwile alikuwa hajui kama unyamavu wake ni majivuno au ni aibu. Alisikiliza ujumbe, akamtazama Nabwile muda mrefu kuliko ujumbe ulivyohitaji, akaenda.

Mukhisa alikuja akakaa kwenye gogo kando ya ghala la mahindi. Alikuwa amekonda tangu mwaka uliopita. Alianza yeye, na alianza vizuri.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi. Kizito ako na shamba hapa. Ile upande ya chini, mpaka kwa mto, ni ya baba yake, na nimeambia wazee. Na kaburi tutaweka simiti na tiles. Mwaka ukiisha tunafanya ukumbusho, tunaita askofu."

"Asante, shemeji. Mimi naomba kitu kidogo kuliko hizo zote."

"Sema."

"Kesho, mbele ya watu, sema Hiram hakuchoma."

Mukhisa aliinamisha kichwa. Kuku walipita kati yao wakiparura maganda. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya kanisani.

"Mama Kizito, hiyo maneno iliisha. Nimeshamsamehe mbele ya kila mtu."

"Ulimsamehe nini?"

Mukhisa aliokota punje ya mahindi, akawatupia kuku.

"Mimi nakuuliza, shemeji. Hiram alikukosea nini, hata ukamsamehe?"

"Unataka nisimame niseme nini?" Mukhisa alisema, na sasa lilikuwa koo lake mwenyewe, koo la mtu anayeogopa. "Nikisema si yeye, wataniuliza nani. Mimi ni mzee wa kanisa. Niko na wajukuu. Hao watu unawajua, hawataacha kitu. Watanitafuna mpaka mifupa."

"Nawajua," Nabwile alisema. "Wamekuwa wakimtafuna mume wangu."

Mukhisa alisimama, akajipangusa suruali. Alisema wataomba pamoja, Mungu atafungua njia. Watu wengi humtwisha Mungu kazi ambayo wao wenyewe wana mikono ya kuifanya, na Nabwile alikuwa amechoka kiasi cha kutomwambia hivyo.

Asubuhi ya siku ya tatu ukoo ulijaa uani. Aliyesimamia alikuwa Mzee Absalom, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kumaliza vikao kabla chakula hakijapoa. Beseni la maji liliwekwa katikati, na wembe mpya bado ukiwa kwenye karatasi yake. Kigoda kilikuwa kimoja. Mjane hunyolewa kwanza, halafu watoto, halafu ndugu wa marehemu, halafu wengine, na mpaka wamalize hakuna anayeondoka bomani, maana kifo kinakuwa bado hakijafungiwa mlango. Mnyoaji, bibi mmoja mkongwe aliyekuwa mjane naye, alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.

"Mwenye ako na neno na marehemu aseme sasa," Mzee Absalom alitangaza. "Baada ya hii wembe, hakuna neno ingine."

Mtu alisema aliazimwa jembe na Hiram zamani, atalirudisha. Mwingine alisema hana neno ila huzuni. Mukhisa alikaa kwenye kiti cha mbele akitazama viatu vyake.

"Basi, Mama Kizito, njoo."

Nabwile alisimama, lakini hakwenda kwenye kigoda. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri na yote yalikuwa yamemtoroka, yakabaki mawili tu.

"Mimi sinyolewi."

Uani pakalipuka kelele. Mjane akikataa wembe! Hayo hata wazee hawakuwa wameyaona. Wengine walisema ni uchungu, wengine wakasema ni Kitale hiyo, watu wakikaa mjini wanasahau. Mzee Absalom alipiga fimbo chini.

"Mama, unajua maana ya kukataa? Unafungia watu wote hapa. Ng'ombe wanangoja kukamuliwa, watoto wanangoja shule. Unataka nini?"

"Mzee, nisamehe. Kuna neno lilisemwa kwa lufu ya mama mkwe wangu, hapa hapa, kwamba Hiram alikuwa shambani. Tangu hiyo siku ameitwa mchomaji. Juzi amesamehewa kwa hiyo kosa. Mimi siwezi kutoa nywele yangu kwa ajili ya mtu aliyechoma mama yake, kwa sababu huyo si mume wangu. Neno lilitoka kwa lufu, lirudi kwa lufu. Likirudi, nitakaa kwa hicho kiti hata kama ni mpaka jioni."

"Yaliyopita si ndwele," Mzee Absalom alisema, "tugange yajayo." Methali hiyo hupendwa sana na wale ambao yaliyopita hayakuwauma. Wazee kadhaa walitikisa vichwa kuikubali.

Kijana mmoja wa nyuma aliita, "Basi aseme nani alichoma, kama anajua!"

"Eeh, aseme! Atutajie!"

Kizito alisimama. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, na mdomo ulikuwa umeshafunguka, na Nabwile alijua hasa jina lililokuwa kwenye ulimi wake. Lingetoka jepesi. Watu wangelidaka, na kabla ya jua la mchana Mukhisa angekuwa hana kiti kanisani wala salamu njiani, na wajukuu wake wangekuwa wakiulizwa kwenye foleni za chakula wao ni wa nani. Nabwile alikuwa na haki ya kulitamani hilo, na nitakuwa mwongo nikisema hakulitamani. Alilitamani mpaka meno yakamuuma.

"Kizito, kaa chini."

"Mama—"

"Baba yako alisema nini?"

Kijana akakaa.

Nabwile aliwageukia watu. "Mimi sikukuja kutoa mtu. Nimekuja kurudisha mmoja. Sitaki kujua nani alichoma. Nataka kusikia nani hakuchoma. Ni hilo tu."

Halafu akakaa chini, kwenye udongo, akakunja mikono. Jepkorir alikuja akakaa nyuma yake ili apate pa kuegemea.

Walingoja. Jua lilipanda. Ng'ombe walianza kulalamika zizini, na mtoto mmoja akalia akapelekwa nje. Wazee walinong'onezana, mmoja baada ya mwingine wakaja kumsihi, wakarudi. Mmoja alimwambia anaaibisha familia. Mwingine, mwenye sauti laini, alimkumbusha kwamba shamba la Kizito halijapimwa bado, na mambo ya mashamba yanataka moyo mweupe. Nabwile aliwasikiliza wote kwa heshima. Alikuwa akiogopa, tena sana. Alijua kwamba wakikata tamaa wataondoka wakaacha boma wazi, na Hiram atabaki na jina lile lile, pamoja na la mke kichaa.

Aliyesimama hakuwa mzee. Alikuwa Wilkista. Alitoka kwenye kundi la wake wa ukoo, akafungua kitambaa chake kichwani akakikunja vizuri mara nne, kama nguo inayowekwa sandukuni, akaja akakaa chini kando ya Nabwile.

"Na mimi sinyolewi," alisema.

Hakumtazama mumewe. Hakuongeza kitu. Lakini watu wote walimtazama Mukhisa, kwa sababu mke hakai chini upande wa pili kwa jambo asilolijua. Nabwile alihisi bega la Wilkista likigusa lake, na lilikuwa likitetemeka, na hapo akajua kwamba unyamavu ule wa miaka haukuwa majivuno. Pengine nyumbani mwake kulikuwa na mtu anayeamka usiku akiita mama.

Mukhisa alishika mikono ya kiti, akainuka polepole kama anayeinuka na gunia. Alipoongea, hapakuwa na kanisa wala kipaza sauti katika sauti yake.

"Hiram hakuchoma."

"Sema kwa nguvu," Mzee Absalom alisema, akigeuza sikio lake zima. "Mimi sisikii vizuri."

"Hiram hakuchoma!" Mukhisa alisema. "Alikuwa shambani kuzima. Mimi nilisema alikuwa shambani, na sikusema alikuwa anazima. Nilijua, na sikusema. Na juzi nikamsamehe, na hakuwa na kosa. Hiyo msamaha naiondoa. Mimi ndiye sikustahili kumsamehe mtu."

Hakuna aliyeitika amina. Mzee Absalom alisogea mbele, fimbo ikitafuta ardhi. Ilikuwa haki yake kuuliza, na aliuliza.

"Basi ni nani alichoma?"

Mukhisa alikuwa amesimama wazi mbele ya ukoo mzima. Midomo yake ilianza kutafuta neno, na Nabwile aliliona likija.

"Mzee," alisema haraka, "hilo sikuuliza."

"Lakini wewe unajua."

"Najua."

"Na mbona husemi?"

"Kwa sababu Hiram alijua," Nabwile alisema. "Tangu hiyo siku alijua. Na hakusema."

Jambo lile halikuingia kwa watu mara moja. Lilikwenda taratibu, kichwa hadi kichwa, mpaka likamfikia kijana aliyepiga kelele kule nyuma. Mtu waliyemwita mchomaji alikuwa akiwasikia. Alikuwa na neno moja la kumfungua, angelisema siku yoyote, na alilishika mpaka likaenda naye kaburini, ili mwingine aendelee kuitwa mtu. Sifa zote zilizomwagwa siku ya mazishi, pamoja na ile ya besi, hazikufika hapo. Mzee mmoja alivua kofia. Akina mama hawakupiga mayowe, waliziba tu midomo kwa viganja.

Mzee Absalom alibaki amesimama. Alimtazama Mukhisa, akamtazama Wilkista pale chini, na sidhani kama kuna kitu alichokosa kukiona, kwa kuwa sikio ndilo lililokuwa bovu, macho hayakuwa na shida. Alikuwa mtu wa kumaliza vikao, nacho kikao kile alikimaliza.

"Wembe," alisema.

Nabwile alikwenda kwenye kigoda. Bibi yule alimlowesha kichwa, maji yakamteremkia shingoni, na nywele zikaanza kudondoka mapajani, nyingi zikiwa na mvi ambazo Hiram alikuwa akizitania. Tangu hospitali Nabwile alikuwa hajamlilia mumewe. Alikuwa amelilia jina lake tu, na jina lilimshughulisha mpaka mtu mwenyewe akawa hana nafasi. Sasa jina lilikuwa limekaa mahali pake, na aliyebaki alikuwa Hiram, mpole, asiyejua kuimba, ambaye hatarudi tena nyumbani na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Alilia kwa sauti, na bibi akawa anangoja, anafuta wembe, anaendelea.

Kizito alifuata. Kisha ikafika zamu ya ndugu wa marehemu.

Mukhisa aliketi kwenye kigoda. Wembe ulipomgusa alivunjika. Alilia kama mtoto aliyepotelea sokoni, akimwita Hiram, kisha akimwita mama yao, kisha akisema, "Nisamehe, nisamehe," bila kutaja anasamehewa nini wala na nani. Watu wa Kabuchai walikuwa wamesimama kumzunguka, wale wale waliopewa mfupa mmoja zamani wakapika mchuzi wa miaka. Kila mmoja alijua analilia nini.

Na hakuna aliyesema.